Ribiti ya Kikaango

Mume wangu akiletewa kiti cha baiskeli haangalii ngozi kwanza, kama ambavyo ungefanya wewe. Anakipindua, anakikagua tumboni. Anapapasa springi, anamulika tochi kutafuta muhuri uliogongwa ubavuni na kuliwa nusu na kutu, kisha anatazama ribiti, zile pini fupi zenye kichwa bapa zinazoishika ngozi kwenye chuma. Akimaliza atakwambia kiti kina umri gani na kama fundi wa mwisho kukigusa alikuwa fundi kweli au mwizi. Majina ya dada zangu anayachanganya mpaka leo, lakini kiti alichowahi kukishika hakimpotei.

Mimi nashona nguo chumba cha mbele. Yeye yuko ua wa nyuma na beseni lake, nta yake na ile harufu ya ngozi iliyolowa ambayo nimeishi nayo tangu nilipoolewa na sijaizoea, asikudanganye mtu. Wapenzi wa baiskeli za zamani wanamfuata kutoka mbali. Wanamletea viti vilivyopasuka, vilivyobonyea katikati kama machela, vilivyotafunwa na panya, na yeye anavirudisha vikiwa vimenyooka na kung'aa. Analoweka ngozi katika maji ya vuguvugu, anakaza skrubu ya mbele kidogo kidogo, anaigongagonga kwa kipande cha mti mpaka isahau shida zote ilizopitia. "Ngozi ivute maadamu i maji," husema kila mara, kana kwamba methali hiyo aliitunga yeye.

Tulijaliwa mtoto mmoja. Jina lake la vyeti tulilitumia siku ya vyeti tu. Alianza kukimbiza tairi bovu uani kabla hajajua kusema vizuri, basi akawa Tairi, na mimi nikawa Mama Tairi na mume wangu Baba Tairi. Tuliitana hivyo hata tukiwa wawili tu chumbani. Nilikuwa na jina langu la usichana, zuri tu, lakini sikulikumbuka mpaka daktari aniite.

Tairi alipokua alipata kazi ya kusambaza mikate madukani kwa baiskeli. Baba yake akamtengenezea kiti cha ngozi kutoka kwenye mzoga ambao mtu mwingine angewatupia mbwa. Ribiti moja ya nyuma ilikosekana. Mume wangu alipekua makopo yake yote, akazunguka nyumba nzima, mwisho akaingia jikoni na kung'oa ribiti ya mpini wa kikaango changu. Tangu siku hiyo mpini unacheza. Kila nikipindua yai, yai linataka kuniangukia miguuni.

"Wewe una akili timamu?" nilimuuliza.

"Mama Tairi, mwanao atakalia jiko lako popote aendapo," alinijibu. "Hiyo si baraka?"

Tairi alicheka mpaka akakaa chini. Akaniahidi kikaango kipya. Kila alipopokea mshahara aliniahidi upya.

Kiti cha ngozi si kama hivi vya plastiki. Mwanzoni kigumu, kinakutesa. Kisha taratibu kinakubali, kinajibonyeza pale mifupa yako ya makalio inapokaa, mpaka kinabaki na vibonyeo viwili ambavyo ni vyako peke yako. Mwingine akikikalia kinamkataa. Na Tairi tangu utotoni alikuwa akikaa upande. Mezani upande, kwenye mkeka upande, na kwenye baiskeli vilevile, amelalia nyonga moja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. "Kaa sawa," nilimwambia maisha yake yote. Kibonyeo kimoja kwenye kiti chake kikawa kirefu kuliko kingine. Nilikuwa nikikifuta vumbi jioni, na kiganja changu kilizama pale bila kutafuta.

Lori lilirudi nyuma langoni mwa kiwanda cha mikate bila dereva kuangalia. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Msiba una wasaidizi wengi, na kila msaidizi ana namna yake ya kukuumiza. Mawifi zangu walifua nguo zake zote, mpaka shati alilolivua asubuhi ile na kuliacha juu ya kitanda. Walifua foronya. Walipiga deki chumba chake kwa sabuni ya maji mpaka kikanukia hospitali. Kaka yake mume wangu, mtu mwenye nia njema kuliko akili, akaichukua baiskeli iliyopondeka akampa muuza vyuma chakavu. "Nimewaondolea, msiwe mnaiona," alisema. Nilimshukuru. Fikiria, nilimshukuru.

Nilipozinduka na kuanza kutafuta, hapakuwa na kitu. Nilinusa kila shati, yote yalinuka jua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nakwambia uchungu wenyewe una njaa. Unataka kitu cha kushika. Ndipo nilipokumbuka kiti. Kiti hawakukifua. Pale kwenye ngozi palikuwa na mahali mwili wa mwanangu ulipopachonga wenyewe, na kama mvua haijapawahi, pako bado.

"Kitafute," nilimwambia mume wangu.

"Nitakitafuta."

Na alikitafuta, sitamnyima haki yake. Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu wote, akipindua viti vilivyolundikana kwenye uchafu. Alirudi na kutu kwenye kucha zote, na kimya. Kimya ndicho kilichoniumiza zaidi, kwa sababu alikuwa ameacha kuniita. Baada ya mazishi hakuniita Mama Tairi tena. Alisema "wewe", au alikohoa mlangoni nijue anataka chai. Na mimi sikumwita Baba Tairi. Tuliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana.

Msimu wa mvua uliofuata dada yangu akafanyiwa upasuaji, nikaenda kumuuguza. Nilikaa kwake mpaka alipoweza kutembea mwenyewe. Nilipokuwa huko, muuza vyuma mmoja wa kike, mama mkarimu mwenye sauti nene, alimletea mume wangu gunia la viti achague.

Nilirudi mchana. Nilimkuta mume wangu kanyoa ndevu. Alinipokea mkoba, akanivutia kiti, akaniletea maji ya kunywa, mambo ambayo hayakuwa yamefanyika katika nyumba ile tangu msiba. Mezani palikuwa na kitu kimefunikwa kwa khanga yangu.

"Funua," akasema.

Nilifunua. Kiti cha ngozi ya kahawia, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Sikuelewa. Yeye akakipindua taratibu, akaniwekea kidole nyuma, na hapo katikati ya ribiti za shaba nikaiona moja nyeupe, ya kikaango changu.

Nililia kwa furaha. Nataka lijulikane hilo, kwamba kwanza nililia kwa furaha. Nilikikumbatia, nikakiweka shavuni. Mume wangu naye akawa anafuta macho kwa kiwiko. Kisha nikakigeuza na kupitisha kiganja juu.

Kiganja hakikuzama popote.

Nikarudia. Nikafumba macho nikarudia tena, polepole, kwa vidole vya kushonea ambavyo vinajua uzi uliolegea ndani ya koti. Ngozi ilikuwa sawa kama meza, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilitafuta kama mtu anayempapasa mtoto gizani na kukuta shuka tu.

"Vibonyeo viko wapi?"

Nilimwona usoni jinsi swali lilivyokuwa likiingia, likiteremka, likifika chini.

"Umekinyoosha," nikasema.

"Kilikuwa kimelowa," akasema. "Kimechanika ubavuni. Kingekufa, ningekiacha vile kingekufa."

"Vilikuwepo?"

Angeweza kunidanganya. Angesema mvua ilishavifuta, nami ningemwamini, tungelia pamoja yakaisha. Lakini mume wangu kuhusu viti hajui uongo.

"Vilikuwepo," akasema. "Vidole vilivihisi."

"Mawifi zangu walimfua kwa sabuni," nikamwambia. "Wewe umemfuta kwa mikono yako. Baba mtu."

Nilikwenda chumba cha mbele nikakaa kwenye cherehani na sikushona chochote. Nilikuwa namchukia, na niliona vizuri kabisa kwamba namchukia kwa kitu alichokifanya kwa mapenzi, na kuona huko hakukunisaidia hata kidogo. Mtu huyu mkono wake unajua namna moja tu ya kupenda kitu, nayo ni kukinyoosha. Kilichokuja kimepinda kwake kinaondoka kimenyooka. Nilimwoa nikilijua hilo, kama kweli mwanamke huoa. Na nilimtuma mwenyewe akitafute. Sikumwambia usikiguse. Nani angedhani ni lazima kusema?

Aliacha ribiti ya kikaango mahali pake. Ribiti nyingine zote alizibadilisha. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye, na liliniliza upya, kwa sababu lilionyesha kwamba alijua ninachotaka, ila alikitafuta upande wa chini wa kiti.

Siku kadhaa zilipita. Alikula alichokuta, nilipika nilichoweza. Mpini wa kikaango ulicheza mkononi mwangu kama kawaida.

Asubuhi moja nilisikia maji uani. Nilitoka na ufagio, nikijifanya nafagia. Mume wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, na ndani ya beseni kiti cha Tairi kimezama, kinatoa mapovu madogo. Alikiondoa, kikachuruzika. Ngozi ilikuwa imelainika, imegeuka rangi nyeusi. Akakiweka juu ya mapaja, kwa mara ya kwanza uso wa ngozi ukiwa juu, akaushika kwa mikono miwili na hakufanya kitu. Mikono ile sijawahi kuiona imesimama.

Nikauegemeza ufagio ukutani.

"Mama Tairi," akasema.

Hakugeuka. Alisema huku anatazama ngozi.

"Nilipoona ribiti, sikuona kitu kingine. Nilikitia majini kikiwa kimepinduliwa vilevile. Nilivihisi, lakini sikuviangalia. Alikuwa akilalia upande gani?"

Nilifungua mdomo nikiwa na jibu. Mimi ndiye niliyemkaripia tangu anaota meno, nani ajue kama si mimi? Nikamwona anatoka langoni asubuhi, amenipa mgongo, ameinama upande mmoja. Nikamwona anarudi jioni, uso kwangu, kikapu kitupu, ameinama upande mmoja. Mgongo ukaniambia kulia, uso ukaniambia kushoto. Nikamweka mezani, nikamweka kwenye mkeka, na kila nilipomweka alikaa upande, na kila nilipomtazama vizuri alinyooka. Kaa sawa, kaa sawa. Sikuwahi hata siku moja kumwambia acha kulalia kulia, au acha kulalia kushoto.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ngozi. Ikikauka imekwisha.

"Kushoto, Baba Tairi," nikasema.

Akaniinulia macho. Mtu asiyesahau kiti, aliyemtengenezea kiti hicho kwa mikono yake, aliyekikazia skrubu kila mwisho wa mwezi mwanawe akiwa amesimama pembeni. Nilingoja anikatalie. Niliomba anikatalie, aseme hapana, ilikuwa kulia, nami nibishe, na mmoja wetu awe na hakika.

Hakubisha. Aliweka dole gumba upande wa kushoto, akaanza kubonyeza.