Jalada la Panya

Nimekuwa karani wa masijala miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kumwambia mtu "faili halionekani." Wenzangu huyatamka maneno hayo kama salamu. Mimi ukiniomba jalada la bomba lililopasuka kabla hujazaliwa, nitakuletea hujakaa vizuri kwenye kiti. Hiyo ndiyo sifa yangu. Sura sina.

Panya alihamia rafu ya chini, penye majalada ya likizo, siku walipofyeka nyasi nyuma ya ofisi. Si panya buku. Huyu anaenea kwenye kijiko cha chai, na masikio yake ni makubwa kuliko akili. Nilikuwa nafunga majalada kwa uzi, nikahisi uzi unavutwa. Nikavuta. Akavuta. Nikamwambia niko kazini. Akavuta tena.

Basi tukazoeana. Kila saa nne, wenzangu wakienda kunywa chai, nilimteremshia ncha ya uzi na mimi kushika nyingine kwa vidole viwili tu, maana haki ni haki. Akiona anashindwa, anaukata kwa meno na kukimbia nao. Huo ni wizi wa mchana kweupe, na nilimwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Nyumbani mke wangu alianza kunitazama kwa jicho la upande. "Baba watoto, siku hizi unarudi unatabasamu. Kuna nini huko ofisini?"

"Kuna kazi," nikamjibu. Hakuamini, na simlaumu.

Mambo yaliharibika mkuu mpya wa ofisi alipoingia masijala na panya akamkatiza mbele ya viatu. "Mzee, huyo atiliwe sumu leo hii!"

"Sawa, mkuu. Nafungua jalada."

"Faili la panya?"

"Sumu hutolewa stoo, mkuu. Na stoo hawatoi hata ufagio bila jalada lenye saini."

Utaratibu ni utaratibu.

Jalada likaanza kutembea. Ugavi walitaka maoni ya Afya. Afya waliuliza idadi ya panya, nikaandika, "Mmoja, kwa kadiri ijulikanavyo." Likapelekwa Utumishi kwa makosa, nao wakauliza kama mhusika ni wa kudumu au wa muda. Nilijibu kila barua siku hiyo hiyo, kwa mwandiko safi, na kila jibu lilizaa swali lingine. Miezi mitano ikapita hivyo. Nilikuwa na furaha, na sioni sababu ya kuficha.

Jumanne moja jalada likarudi. Ukurasa wa mwisho, wino mwekundu: "Imeidhinishwa. Sumu itolewe." Saini, mhuri, tarehe. Halikuwa na kasoro hata moja, maana mimi ndiye niliyelitunza.

Nilikaa nalo mapajani muda mrefu. Halafu nikainuka, nikalichomeka katikati ya majalada ya wastaafu, mahali pasipo pake kabisa. Nadhani hata kuiba kungekuwa rahisi zaidi.

Alhamisi mkuu akaniita mbele ya wote. "Mzee, Afya wanasema faili la panya limesharudi. Lilete."

"Halionekani, mkuu."

Mpiga chapa aliacha kuchapa. Mtu wa Ugavi akageuka na kiti chake.

"Wewe?" mkuu akauliza. "Wewe ndiye unaniambia halionekani?"

"Halionekani."

Alinitazama bila hasira, na afadhali angekasirika. "Kumbe na wewe ni walewale tu." Akarudi kwenye karatasi zake. "Haya, fungua jingine. Uanze upya."

Iliniuma. Iliniuma mpaka masikio yakapata moto, na nikasikia watu wakinong'ona kabla sijafika mlangoni. Nikaenda nikachukua jalada jipya, nikalitia namba, na barua ya kwanza nikaiandika polepole sana.