Katoni ya Dawa ya Damu

Katoni ile ililetwa na wanaume watatu, utadhani mmoja asingeweza kuibeba. Magesa alikuwa mbele, Herman nyuma yake, na wa mwisho ni Ignas, mume wa Sesilia, aliyekuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Duara lao, shimo la dhahabu kule Mwakitolyo, lilikuwa limetoa mawe mazuri, na wachimbaji duara likitoa hawali peke yao. Walichanga, wakaenda Kahama, wakanunua dawa ya kuongeza damu, ile nyekundu yenye picha ya mtoto wa mashavu.

"Shemeji," Magesa alimwambia Sesilia, "Nelly asiende Dodoma amepauka, watu wakasema huku kwetu hana watu."

Sesilia alishukuru. Ungetaka afanyeje?

Nelly, binti wa Sesilia na Ignas, alikuwa na miaka tisa. Siko seli ilimletea kiharusi akiwa na miaka sita, mkono wa kushoto ukabaki umelegea, na tangu hapo aliongezewa damu kila mwezi. Tumaini lilikuwa moja tu, kupandikizwa uloto wa mifupa huko Dodoma. Mdogo wake Lusia alipimwa, akaonekana anafaa kumtolea. Safari ilipangwa baada ya miezi mitatu.

Daktari Eustace, wa kliniki ya Shinyanga, alimpa Sesilia kichupa cha vitamini D. "Mifupa yake ni dhaifu na vitamini hii mwilini iko chini mno. Mpe matone matano kila asubuhi, tuipandishe kabla ya safari. Lakini usimpe chochote chenye madini ya chuma. Damu anazoongezewa zinaacha chuma kwenye ini, na ini likielemewa, safari hakuna."

Sesilia aliyasikia yote. Balaa ni kwamba matone yale hayakuwa na rangi wala ladha. "Hayo maji ndiyo dawa, ng'wanawane?" aliuliza mama mkwe wake, na majirani wakacheka. Mtoto asiye na damu hupewa dawa ya damu, nani asiyejua? Tena kwenye chupa nyekundu paliandikwa vitamini kwa herufi kubwa. Chuma kilikuwa nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Basi akampa vyote, matone asubuhi kwa ajili ya daktari, na nyekundu jioni kwa ajili ya watu wengine wote.

Mwezi mmoja kabla ya safari, Daktari Eustace aliyatazama majibu ya vipimo kwa muda mrefu.

"Vitamini imepanda vizuri. Ila chuma kimepanda vibaya. Mama Nelly, kuna kitu kingine mnampa?"

"Hakuna, daktari."

"Mama," Nelly alisema, "na ile nyekundu ya baba Magesa?"

Daktari hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alieleza kwamba si chupa hizo tu, kwani damu za miaka mitatu nazo zimo, lakini chupa zimeongeza mzigo pale pale palipokuwa pameelemewa. Itabidi kwanza chuma kitolewe kwa vidonge. Safari ikasogezwa miezi sita mbele.

Sesilia alifika nyumbani akamwambia Ignas kila kitu. Chupa sita zilikuwa zimebaki. "Katupe," alisema. Ignas alizibeba akaondoka, na Sesilia hakuuliza alizitupa wapi. Walikubaliana wasimwambie mtu. Watu wamekupa kwa moyo mweupe. Unaanzaje kuwaambia kwamba zawadi yao imemdhuru mtoto?

Nelly hakuimaliza miezi sita. Katika mwezi wa nne, akiwa uani na Lusia wanakula matobolwa ya viazi, kiharusi cha pili kilimkuta. Hakuamka tena.

Kaburi walilichimba wana-duara wale wale, na lilinyooka vizuri, maana hiyo ndiyo kazi yao. Siku ya tatu ya msiba Magesa alikuja kuchuchumaa karibu na mkeka wa Sesilia. Ignas na Herman walikuwa wamekaa hapo hapo.

"Shemeji, tulijitahidi. Bila ile dawa angetutoka mapema."

Sesilia akajibu, "Mlijitahidi, shemeji."

"Na zilizobaki hazikupotea. Ignas alipozirudisha duarani, tulimpa Herman. Kijana wake Abel naye ni siko seli, naye anaongezewa damu. Amezimaliza. Kesho tunamnunulia katoni yake."

Sesilia alimgeukia mumewe. Ignas alitikisa kichwa kidogo: si leo, si mbele za watu. Sesilia naye aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi impasukie, lakini alimwona pia Abel, ambaye hakuwahi kumtia machoni, akikunja uso kwa ladha ile ya kutu.

"Herman, usimpe tena," alisema, na wapishi waliacha kukoroga. "Ina chuma. Inawaumiza watoto kama wetu. Mimi nilikatazwa na daktari, nikampa Nelly, ndipo safari ikazuiwa. Mpeleke Abel kliniki leo hii."

Herman hakumtazama Sesilia. Alikuwa anamtazama Ignas, rafiki yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Ulipozirudisha," Herman aliuliza polepole, "ulikuwa umeshajua?"