Pumzi ya Baba Mkwe

Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu aliulizwa hata pumzi. Ilikuwa siku ya tano Wegesa akimuuliza kutoka nyuma ya pazia.

“Vuta ndani, baba! Vuta! Moja… mbili…”

Upande wa pili, muuguzi Yassini alikuwa ameshika kifaa cha plastiki kwenye mrija wa kooni mwa mzee Mseti. Ndani ya kifaa mna springi. Mgonjwa hushindana nayo kwa pumzi yake, msuli wa chini ya mbavu uamke. Mashine ilikuwa imemhemea wiki tatu. Msuli ulikuwa umelala.

“Dada, unatangaza mpira bila kuuona uwanja,” Yassini alisema.

“Ndiye baba wa mume wangu. Ndiye aliyenitolea ng’ombe. Nitamwekaje mkono tumboni?”

“Sawa. Springi bado iko alama ileile ya Jumatatu.”

Wegesa akaenda dirishani, akarudi. Akakunja mikono ya koti, akaikunjua. Hospitali nzima ni yeye tu aliyesomea mazoezi haya. Na asubuhi daktari alikuwa amesema: leo ajaribiwe bila mashine, akizidi kukawia, hataiacha tena.

Akalivuta pazia.

Mzee alifumba macho kwa aibu. Wegesa akaweka kiganja juu ya kitovu chake, na papo hapo akajua. Siku zote tano mzee alikuwa akiinua mabega tu. Tumbo lilikuwa limelala kama gunia.

“Acha mabega, baba. Sukuma mkono wangu.”

Tumbo likatetemeka. Likatulia. Kisha likasukuma. Yassini akamrudishia bomba la mashine apumzike kidogo.

Mlango ukafunguka. Rubeni, mdogo wa mzee Mseti, alikuwa ametoka nyumbani Nyamisangura na chupa ya uji.

“Mke wa Godwin! Unamshika mkweo? Toka hapo! Umwombe radhi mbele yangu!”

Yassini akatazama sakafu. Mzee akafumbua macho, asimtazame ndugu yake. Wegesa alikaza springi alama moja. Akachomoa bomba la mashine, akabana kifaa mahali pake.

Mashine ikalia kengele, Yassini akainyamazisha. Ukabaki mrija peke yake: ukakoroma, ukanyamaza. Wote wakaungoja. Ukakoroma tena, na chini ya kiganja cha Wegesa tumbo likapanda, zito, taratibu.

“Wegesa! Nasema omba radhi!”

“Siombi, baba mdogo. Na mkono siutoi.”