Neno la Siri la Vumilia

Siku ile Vumilia alipanda gari la Muyinga akiwa na furaha isiyomkalisha kitako. Abiria wenzake kutoka Gitega walisinzia. Yeye alikuwa akisema peke yake, midomo ikicheza, akijizoeza maneno ya kumwambia Papa Bisimwa.

Kazi yake ilikuwa ngeni kiasi kwamba mama yake alishindwa kuwaeleza majirani. Alikuwa wakala wa kampuni moja ya ng'ambo, akiuza huduma ya barua pepe zinazofungwa njiani zisisomwe na mtu mpaka zifike kwa mwenyewe, pamoja na namba ya simu ya pili ya kuificha ile halisi. Wateja saba alikwishapata: walimu wawili wa Mushasha, na wakulima watano wa ushirika wa Ryansoro, wakimbizi waliorejea kutoka kambini Tanzania kama yeye. Kampuni ilitaka ishirini kabla ya mwezi kwisha, la sivyo uwakala ungekwenda kwa mwingine. Na Bisimwa, Mkongo wa Kivu muuza vitenge, alikuwa msemaji wa wafanyabiashara kumi na wanne wa Muyinga. Akikubali yeye, wamekubali wote.

Alimkuta dukani na kikombe cha chai ya maziwa, bado inafuka moshi. Vumilia akamwaga maneno yote aliyojizoeza, bila kuruka hata moja. Bisimwa alisikiliza hadi mwisho.

"Mi nilishaibiwa, mwanangu," akasema. "Mutu alifungua email yangu, akaona bei yote ninanunulia mali Uvira, akaninyang'anya wateja. Sasa tufanye hivi. Weka email yako hapa. Kama mutu anaifungua kabla mi nimalize hii chai, tunaachana bila maneno."

"Hata ukinywa birika zima, baba," Vumilia akajibu, moyo ukimdunda kwa raha. Akaiweka simu mezani.

"Anisia," Bisimwa akamwita karani wake, mwanamke mwenye miwani aliyekuwa akipima vitambaa pembeni. "We unajua mambo ya telefone. Jaribu."

Anisia akasoma anwani: vumilia.longino. Akamtazama mgeni, akaitazama tena anwani. Akabahatisha neno la siri, likakataa. Akafikiri kidogo, akaandika tena.

Barua zote za Vumilia zikafunguka.

Safari yote ile, wateja kumi na wanne, na chai haijafika hata nusu.

"Nimeandika zoni tisa, kijiji D, nyumba kumi na saba," Anisia akasema polepole, akivua miwani. "Sisi tulikuwa kumi na nane. Wewe si Vumilia wa mzee Longino? Turubai la kutugawa lilikuwa moja, dada. Mlipokuwa mnasali, sisi huku tulikuwa tunaitikia amina."

Aibu na furaha vikamjia kwa pamoja, akashindwa aanze na ipi. Akamkumbatia jirani yake huku machozi yanamtoka. Kisha akashtuka: wale watano wa Ryansoro nao aliwaambia wachague kitu wasichoweza kukisahau, na mtu wa kambini hasahau namba ya nyumba yake. Wala jirani zake hawaisahau.

Bisimwa aliweka kikombe chini. "Kufuli yako iko muzuri. Lakini ufunguo uliacha ku mulango."

"Agiza chai nyingine, baba," Vumilia akasema. "Nilipe mimi. Halafu ajaribu tena."

Bisimwa akacheka, akaagiza.

Vumilia akainamia simu. Jina la bibi yake? Anisia alimsukia ukili wa mikeka. Siku ya ubatizo? Walibatizwa pamoja. Ugonjwa wake, kipigo chake, hata mvulana aliyempenda akiwa darasa la sita, vyote vilipita kwenye lile turubai. Alitafuta katika maisha yake yote kambini kitu kilichokuwa chake peke yake, akakosa. Kisha akakumbuka siku waliyohamia nyumba ya matofali Ryansoro, alipoingia chumbani kwake, akafunga mlango wa mbao kwa mara ya kwanza, na kusema neno moja kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia. Akaliandika lile. Hata hapa haliandikwi.

Anisia alijaribu mpaka simu ikamkatalia kabisa. Kikombe kilikuwa kitupu. Bisimwa akavuta droo, akatoa karatasi yenye majina kumi na manne.

Vumilia akapiga simu Ryansoro palepale, kwa furaha: badilisheni maneno yenu leo hii, na mimi msiniambie.

Anisia akamsindikiza hadi stendi, wameshikana mikono kama zamani. Gari lilipokaribia kuondoka akamnong'oneza: "Mimi niambie basi. Uliandika nini?"

Hawakuwahi kufichana kitu hata siku moja, wala wasingeweza.

"Sikwambii, jirani," Vumilia akasema, akapanda gari akicheka.