Kanga za Ukutani

Salma alikuwa na kijiba cha roho, wala hakujisumbua kukificha. Kijiji chao cha ujamaa, njia ya Msimbati, kilipojenga nyumba ya mfano ya matofali na bati, mumewe Issa alipewa yeye kwa kuwa ni balozi wa nyumba kumi. Naye akamweka humo Halima, mke mdogo. Salma akabaki kwenye nyumba ya udongo, mafiga katikati ya chumba, makopa ya muhogo yakikaushwa darini kwa moshi.

Bati lilimuuma, lakini si kama kanga. Kila akipita alichungulia, akaona Halima ametundika kanga ukutani chumba kizima. Siku zile kanga zikifika duka la ushirika watu walikanyagana, na mwenziwe alikuwa nazo za kuvaa na za kuvisha ukuta! Salma alilala na donge hilo, akaamka nalo.

Kisha Rashidi, mwanawe wa pekee, akaanza kubanwa kifua. Mganga wa zahanati alisema mtoto atolewe kwenye moshi. Salma alilia njia nzima, na alilia kweli. Ila, tusifichane, alifurahi pia kwamba sasa amepata sababu. Jioni ile alimtaka Issa awabadilishe nyumba. Halima hakubisha. Alisema tu atahama kesho, na Salma akakereka kwa kukosa ugomvi.

Halima alipokunja kanga zake na kuondoka na mwanawe mgongoni, kuta zilibaki nyeusi. Ukungu ulikuwa umepanda toka sakafuni mpaka karibu na bati, unanuka kama makopa yaliyonyeshewa. Kwa haraka ya kuwahi wageni wa mkoa, wanakijiji walifyatua matofali kwa mchanga wa pwani, na chumvi ile ilivuta unyevu masika yote. Arudi, Halima amcheke? Thubutu. Salma alitoa doti yake ya pekee, akafunika ukuta pale kitandani pa Rashidi.

Wiki haikuisha, mtoto akawa anapumua kwa mluzi, mbavu zikiingia ndani. Salma alimbeba akakimbilia kwa Halima, aibu ameisahau.

"Ulijua," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Halima alimpokea Rashidi, akamkalisha wima mapajani, barazani penye upepo. "Wangu naye alikohoa humo, bi mkubwa, nami nikaficha kwa kanga. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunionea wivu. Niliona utamu."

Salma alitazama mlango wa nyumba yake ya zamani: ndani hakukuwa na moshi. Halima alikuwa ameyahamishia mafiga uani, na makopa yamelala juani. Mawe matatu tu. Salma angeweza kuyatoa siku yoyote, lakini miaka yote hiyo macho yake yalikuwa kwenye nyumba ya mwenziwe.

Pumzi ya Rashidi ilitulia polepole, akasinzia. Salma alimshukuru Mungu, huku roho ikimuuma kwamba mtoto amelala mikononi mwa Halima.