Kabla Hajaacha Ziwa

Lulu alikuwa ananyonya amesimama. Mama yake, Rukia, alikuwa amepiga magoti uani akikaza kamba kwenye tenga la viazi na karoti, na mtoto, ambaye meno yote yalikwisha kuota na maneno yakamjaa mdomoni, alijipenyeza chini ya kwapa akalishika ziwa kama mtu aliyefika bombani kwao. Alikunywa kidogo, akaacha, akauliza, "Mama, karoti hizi za nani?" Alipoambiwa ni za wageni, akarudi kunywa.

"Huyu ataanza darasa la kwanza na ziwa kwenye begi," alisema Hezekia, mtembeza wageni, aliyekuwa akingoja pale mlangoni na mzigo wa mablanketi.

Rukia alicheka. Majirani nao walikuwa na maneno yao kama hayo, na siku zote yeye alicheka pamoja nao, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kueleza kungeanzia kwenye mkeka wa barazani, siku wazee wa pande mbili walipokaa baada ya Nassir kutoa talaka. Nassir alikuwa akinunua mboga Soni na kuziteremsha Tanga, na huko Tanga akapata mke mwingine. Wazee walizungumza kwa Kishambaa, taratibu, bila kumvunjia mtu heshima. Wakakata shauri kwamba mtoto ni wa kwa baba yake, lakini mama hanyang'anywi mtoto angali ananyonya. Siku akiacha ziwa, shangazi yake atakuja kumchukua. Rukia aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyetaja ziwa liachwe lini, na yeye akashika hapohapo. Wenzake wakawaachisha watoto wao, wakabeba mimba nyingine, wakajifungua, Rukia akanyonyesha. Alitafuna karanga mbichi na muhogo ili maziwa yasikauke. Alinyonyesha hata siku za homa, midomo yake ikiwa imepasuka.

Kazi yake ilikuwa kutayarisha kibanda cha mbao kule juu msituni, ambako wageni wa Hezekia hulala. Siku zote alipanda asubuhi na jioni akawa ameshuka. Safari hii mpishi alikuwa mgonjwa, wageni walitaka kulala siku mbili, na Hezekia alisema waziwazi kwamba atakayepika sasa ndiye atakayebaki na kazi hiyo. Rukia aliitaka kuliko alivyoonyesha. Alikuwa na wazo, bado changa, la kurudi mbele ya wazee walewale akiwa mtu mwenye kazi ya kueleweka na kuwaambia, mimi namudu, niachieni. Aliomba apande na mtoto mgongoni. Hezekia alikataa kwa upole. Baridi ya kule haikuwa ya mtoto, alisema, na wageni hupanda wakifuata utulivu.

Basi alimvuta mama yake, Mwanahawa, pembeni ya jiko.

"Mama, nakuomba kitu. Akililia ziwa usiku, mwache alie. Usimpe kikombe."

Mwanahawa alimtazama mwanawe kana kwamba hakumfahamu. "Nimwache alie mpaka kuche, na maziwa ya ng'ombe yamo ndani?"

"Siku mbili tu, mama. Asikizoee."

Mama yake alijifuta mikono kwenye kanga. Alimchukua Lulu, akampeleka kuona vifaranga ili mama mtu aondoke bila kuonekana.

Njia ilipanda kati ya mashamba ya kabichi, ikaingia kwenye mikaratusi, kisha ikamezwa na msitu wenyewe, ambako ukungu hukaa mchana kutwa. Rukia alitangulia na tenga kichwani juu ya kata ya kanga iliyochakaa. Kibandani alifungua madirisha yote. Harufu ya unyevu na mavi ya panya ikamlaki kama mwenyeji. Alifagia, akaziba tundu la panya kwa kigae, akachota maji kijitoni, akaziweka kuni mbichi kando ya moto zipate kukauka wakati kavu zikiwaka. Magodoro aliyaburuta moja moja mpaka pale penye jua kidogo, akayapiga kwa fimbo.

Alikuwa na namna yake ya kulijua godoro lililokauka. Mkono hudanganyika, kwa sababu mkono umezoea baridi. Yeye alipiga magoti na kulilaza shavu, akafumba macho, akangoja. Kama unyevu umo, shavu litauhisi. Ndivyo alivyokuwa akikagua godoro la Lulu kila asubuhi tangu alipozaliwa. Alilaza shavu kwenye la kwanza, akalirudisha juani. La pili vilevile. Kwenye la tatu alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipoinuka kitambaa kilikuwa kimelowa pale palipokuwa kifua chake.

Alikwenda nyuma ya kibanda. Alijikamua taratibu kwenye shina la mti mkubwa wenye ndevu za kuvu, ziwa moja, kisha la pili, ili maziwa yajue kwamba bado yanatakiwa. Juu ya miti mbega waliguruma. Alifunga blauzi, akanawa, akarudi kutandika vitanda. Kitanda cha pembeni mwa jiko, chenye joto, alikiwekea blanketi mbili bila kufikiri, akazikunja ncha ndani kama anavyomfungia mtoto. Kisha akakumbuka, akaikunjua moja akaihamishia kwa mgeni mwingine.

Wageni walifika na magoti yenye tope, wakafurahi. Walikula supu ya boga, wakaomba tena. Hezekia alimwambia kazi ni yake sasa, asiwe na wasiwasi. Rukia alishukuru, na kweli alifurahi, ingawa furaha yenyewe ilimkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima.

Siku ya pili, jua likiwa linaelekea kuzama, alipanda kwenye jiwe ambako simu hupata mtandao. Mama yake alipokea haraka.

"Hajambo. Jana usiku alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilivumilia, Rukia. Nikashindwa. Nikampa maziwa na sukari kidogo."

"Na leo?"

Mama yake alishusha sauti.

"Alikiomba kikombe mwenyewe. Sikukuzaa wewe ili nikae nimsikilize mjukuu wangu akilia. Nisamehe."

Rukia alisema hakuna neno. Alimwuliza kama kuku wamefungiwa. Alipokata simu, alibaki amekaa juu ya jiwe huku bonde lote la Lushoto likijaa ukungu chini yake, akilia kwa namna ambayo mtu akipita atadhani ana mafua. Kisha akashuka kuwasha moto, maana watu walitaka kula.

Kesho yake aliwatangulia wageni kushuka, karibu kwa kukimbia. Matiti yalikuwa magumu, yanauma kila alipokanyaga. Alipofika uani akamwona Hamida, dada yake Nassir, amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, na gauni jipya la mtoto limekunjwa mapajani. Alikuwa amepita kuwasalimia, alisema, akitokea Soni. Walisalimiana kwa Kishambaa, wifi na wifi, wakaulizana hali za nyumbani zote.

"Nimesikia ulilala kazini," Hamida alisema. "Na Lulu je?"

"Bado ananyonya, wifi."

Lulu alitoka ndani mbio, akamrukia mama yake, akamkumbatia shingo kwa nguvu zote. Rukia alikaa chini palepale kwenye vumbi, akafungua blauzi. Mtoto alilitazama ziwa. Akaligusa kwa kidole, tone likatoka, akatabasamu kwa haya. Kisha akashika ncha ya blauzi na kumfunika mama yake, vizuri, kama mwanamke mzima anavyomsitiri mwenzake.

Mlangoni, Mwanahawa aligeuza uso.

Rukia aliitoa kanga kiunoni, akaitandaza juu ya bega lake na kichwa cha mtoto, akamgeuzia Hamida mgongo nusu, akaanza kujitikisa taratibu kama anyonyeshaye. Hamida aliinua kikombe, akaipuliza chai iliyokwisha kupoa, akaendelea kuipuliza. Chini ya kanga Lulu alidhani ni mchezo wa kujificha. Alikaa kimya kabisa, akijizuia kucheka, pumzi yake ya moto ikipiga na kurudi juu ya ziwa lililojaa.