Askari Waliolelewa na Uvimbe

Mshonaji alikuwa hajakaa sawasawa kwenye kiti, wifi yake akawahi kumjibia kwa daktari. "Huyu kinga hana. Mwili wake mvivu tangu alipoingia kwetu. Ndiyo maana namnywesha dawa yangu ya kuongeza kinga."

Miezi yote hiyo! Uvimbe wa titi umetoka punje ya harage mpaka limau, na yeye anameza uchungu wa chupa ya wifi huku akisimangwa uvivu. Yeye anayekanyaga cherehani kutwa akailisha nyumba nzima! Alibana meno.

Daktari aliwageuzia kompyuta. Kwenye picha ya kinyama alichokatwa wiki iliyopita, vidoa vya zambarau vilijazana kuuzunguka uvimbe.

"Hawa ni askari wa mwili wako, mama. Kinga unayo tele. Ila wanatoka kwenye uboho wa mifupa wangali wachanga, na uvimbe pamoja na seli jirani zake unawatumia kemikali za kuwazuia wasikomae inavyotakiwa. Wengine wanageuka kabisa. Wanaulinda, wanausaidia kupata mishipa ya damu, na wanawazuia wenzao wasipigane."

"Si ndiyo aongezewe hao askari?" wifi alidakia.

"Ukiongeza tu, unaupelekea uvimbe vibarua."

Mshonaji alikuwa bado anaitazama picha. "Kumbe nao wameolewa wadogo," alisema.

Daktari hakuelewa. Wifi alielewa upesi, akaanza kukunja na kukunjua mtandio wake. Mshonaji aliingia kwao ana miaka kumi na sita. Mama mkwe na wifi huyu huyu wakamfunza la kusema na la kumeza. Hata mke wa shemeji yake alipothubutu kubisha, mshonaji ndiye aliyetumwa kumnyamazisha, naye akaenda. Sasa hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto.

"Wanarudishika?" aliuliza.

"Wapo wanaorudishika, kwa dawa. Lakini tuanze na upasuaji, tusichelewe. Kesho nafasi ipo."

Wifi alisimama. "Hilo mpaka kaka aseme. Twende nyumbani kwanza."

Mshonaji hakuinuka.

"Nenda wewe, wifi. Kaka yako mwambie kesho napasuliwa. Siombi ruhusa, natoa taarifa. Na yule mke wa shemeji niliyemnyamazisha, mwambie ndiye ninayemtaka aje kuniuguza. Aje na mdomo wake."